Ufa kwenye ukuta: nani analeta ushahidi? Somo kutoka migodi ya makaa ya mawe ya Ujerumani

Mtu yeyote aliyejenga nyumba huko Goma, Bukavu, Kalemie ao Kolwezi anaujua ufa. Unaanzia kwenye kona ya dirisha, mwembamba kama uzi. Unaziba kwa simenti, unapaka rangi, kisha mvua mbili zikipita umerudi. Mwaka huu unaingiza ukucha, mwaka kesho unaingiza kidole. Hapo maswali yanaanza: ni fundi aliyepunguza simenti? Ni tetemeko? Ni maji ya mvua? Ao kuna kitu kinachosogea chini ya nyumba?

Na kama chanzo kiko chini, nani atalipa?

Katika bonde la Ruhr, magharibi ya Ujerumani, watu wanaishi na swali hilo tangu zaidi ya miaka 150. Chini ya miji yao, Essen, Bochum, Bottrop, Gelsenkirchen, Duisburg, kulichimbwa makaa ya mawe kizazi baada ya kizazi. Tunasema makaa ya mawe, si yale makala ya miti tunayopikia nyumbani. Ni jiwe jeusi linalowaka, lililotolewa chini kabisa ili kuendesha viwanda vya chuma, treni na umeme. Bonde hilo lina watu karibu milioni 5, na wengi wao wanalala juu ya mahali palipochimbwa.

Tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2018, wachimbaji wa mgodi wa Prosper-Haniel, mjini Bottrop, walipandisha kipande cha mwisho cha makaa hayo na kumkabidhi Raisi wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier. Uchimbaji wa makaa ya mawe chini ya ardhi ukaisha siku hiyo katika nchi nzima. Lakini kazi ya kupima ardhi haikuisha, na bado haitaisha kesho.

Tumeangalia namna wanavyopima, kwa sababu kazi hiyo inatugusa hata sisi wa mashariki ya Congo, ambako ardhi inatikiswa na volkano, inateremka milimani, na inachimbwa chini ya nyumba za watu.

Ardhi inashuka namna gani

Makaa ya mawe yanalala kama godoro katikati ya miamba. Tabaka moja linaweza kuwa na unene wa mita moja, mbili ao tatu, lakini linaenea kilomita nyingi. Katika migodi mikubwa ya kisasa, mashini inapita mbele ya ukuta wa makaa wenye urefu wa mita mia mbili ao mia tatu, ikikwangua kama mtu anayekata sabuni kwa kisu. Wafanyakazi wanalindwa na nguzo za chuma zinazobeba dari. Mashini ikisonga mbele, nguzo nazo zinasonga mbele, na dari ya nyuma inaachwa ianguke. Hiyo si aksidenti, ni mpango. Kuanguka kwa dari kunapunguza uzito unaobonyeza mahali watu wanapofanya kazi.

Miamba ya juu inakaa juu ya ile iliyoanguka, na ile ya juu zaidi inafuata, mpaka mwendo unafika kwenye uso wa ardhi. Pale juu, uwanja wote unashuka polepole na kuwa kama beseni. Kama mahali palipochimbwa ni papana vya kutosha, na hapakujazwa mchanga ao mawe, kushuka kule kunaweza kufikia sehemu tisa juu ya kumi za unene wa tabaka. Tabaka la mita 2 linaweza basi kushusha ardhi karibu mita 1 na sentimita 80. Na huko Ruhr walichimba matabaka mengi, moja chini ya lingine. Ndiyo sababu sehemu fulani za mji wa Essen zimeshuka zaidi ya mita 20 tangu uchimbaji ulipoanza.

Mtu atashangaa: nyumba inashuka mita 20 na bado inasimama? Ndiyo, kwa sababu kushuka peke yake hakupasui nyumba. Kinachopasua ni tofauti. Nyumba iliyo katikati kabisa ya beseni inashuka pamoja na uwanja wake wote, kama sahani kwenye mikono ya mtu anayeinama taratibu. Lakini nyumba iliyo kwenye ukingo wa beseni ina upande mmoja unaoshuka na mwingine unaobaki. Ardhi ya pale inavutwa kama shati linalobana, na ndipo nyufa zinatokea: kwenye ukuta, kwenye barabara, kwenye mabomba ya maji na ya gesi. Katikati ya beseni ni kinyume, ardhi inasukumwa kwa ndani, mawe ya barabara yanainuka na milango inakataa kufunguka.

Kuna jambo lingine ambalo wenye nyumba wanachelewa kulielewa. Beseni la juu ni pana kuliko shimo la chini. Huko Ruhr, mwendo unapanda kwa mshazari, kiasi kwamba mgodi wenye kina cha mita 1,000 unaweza kugusa nyumba iliyo mamia ya mita pembeni ya mahali palipochimbwa. Kwa hiyo mtu anayesema "hawakuchimba chini ya parsele yako" anaweza kuwa anasema kweli, na bado ukuta wako umepasuka kwa sababu ya mgodi.

Hatari ya pili ni ile ya migodi ya zamani iliyo karibu na uso wa ardhi. Mwamba ukivunjika unachukua nafasi kubwa kuliko ulipokuwa mzima, kama mkate uliovunjwavunjwa. Ndiyo maana pango lililo chini sana linajijaza lenyewe kabla ya kufika juu. Lakini pango lenye kina cha mita kumi ao ishirini tu halipati nafasi ya kujijaza. Linapanda kidogo kidogo kwa miaka, bila dalili kubwa, kisha siku moja ardhi inafunguka. Mwezi wa kwanza mwaka wa 2000, huko Wattenscheid, katika mji wa Bochum, shimo kubwa lilifunguka katikati ya nyumba za watu na kumeza gereji na magari. Mgodi wa chini yake ulikuwa umefungwa tangu zamani. Ili kulijaza walimwaga maelfu ya mita za ujazo za beto.

Kipimo cha maana ni kile cha kabla ya ufa

Namna ya zamani ya kufuatilia ardhi ni rahisi kueleza. Wanapigilia misumari ya chuma kwenye kuta za nyumba, kwenye madaraja, kwenye makanisa. Kila msumari una namba na kimo chake kimeandikwa. Kila baada ya muda, wapimaji wanarudi na nivo na rula ndefu, wanaanzia kwenye alama iliyo mbali, mahali ambapo ardhi haisogei, na wanapima misumari yote mmoja baada ya mwingine. Tofauti kati ya kitabu cha mwaka uliopita na kitabu cha mwaka huu ndiyo inaonyesha ardhi imeshuka kiasi gani.

Kazi hiyo ni ya polepole na inachosha, lakini inatoa vipimo vya milimita. Pia ina nguvu moja kubwa: kitabu kilianza kuandikwa kabla ya nyumba kupasuka. Bila kipimo cha kwanza, vile vingine vyote vinakosa mahali pa kuegemea. Ukijua leo kwamba kona ya nyumba yako iko chini ya ile nyingine kwa sentimita 4, hujui kitu bado. Labda fundi aliijenga hivyo. Lakini kama mwaka juzi kona zote mbili zilikuwa sawa, sasa unajua.

Vipimo hivyo viliwapa wahandisi uwezo wa kukadiria mapema. Mfano unaosimuliwa sana ni ule wa bandari ya Duisburg. Mto Rhine ulikuwa unachimba kitanda chake na kushuka, na meli zikaanza kukosa kina ndani ya bandari. Badala ya kuchimba bandari yote kutoka juu, kuanzia miaka ya 1950 walitoa makaa ya mawe chini yake kwa mpango, tabaka kwa tabaka, mpaka bandari nzima ikashuka karibu mita 2. Kazi ya meli na viwanda iliendelea juu wakati ardhi inashuka. Waliweza kwa sababu walijua watachimba wapi, kiasi gani, na walikuwa wanapima kila hatua.

Nyufa zenyewe zinapimwa vilevile. Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kupaka jasi juu ya ufa, mahali padogo kama kiganja, na kuandika tarehe. Jasi haivutiki. Ikipasuka, ufa bado unatembea. Ikibaki nzima mwaka mzima, ufa ule umelala. Wengine wanagundisha pande mbili za plastiki zenye mistari ya milimita, moja kila upande wa ufa, na wanasoma mwendo wake kila wiki.

Katika mashamba ya makaa ya mawe ya kaskazini ya China, ambako mashini inapita haraka na makaa hayako mbali sana na juu, nyufa zinatokea kwenye udongo wenyewe, ndefu na zenye kufuatana kama ngazi. Huko wanatumia ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha za uwanja mzima, kisha kulinganisha picha za wiki moja na nyingine. Hawafanyi hivyo kwa ajili ya nyumba tu. Ufa unaofika mpaka kwenye makaa unaingiza hewa, na hewa inaweza kuwasha moto chini ya ardhi. Huko Jharia, nchini India, mioto ya namna hiyo ilionekana mara ya kwanza mwaka wa 1916 na inaendelea kuwaka mpaka leo, chini ya vijiji vyenye watu.

Jicho la kilomita 700 juu

Tangu mwaka wa 2014, Shirika la Anga la Ulaya lina satelaiti inayoitwa Sentinel-1. Inazunguka dunia kwa kimo cha karibu kilomita 700 na inatuma mawimbi ya rada ambayo yanapita ndani ya mawingu, mchana na usiku. Kila baada ya siku 12 inarudi juu ya mahali palepale. Urefu wa wimbi lake ni sentimita 5 na nusu hivi. Kama ardhi imesogea kati ya safari mbili, wimbi linalorudi halikutani tena sawasawa na lile la kwanza, na kompyuta inahesabu tofauti hiyo. Kwa kukusanya picha nyingi za miaka, wapimaji wanaweza kuona mwendo wa milimita chache kwa mwaka.

Picha hizo zinatolewa bure. Mwishoni mwa mwaka wa 2019, Ujerumani ilifungua kwenye intaneti ramani ya nchi nzima inayoonyesha namna ardhi inavyosogea, na mwaka wa 2022 Ulaya ikafuata na ramani yake. Mwenye nyumba wa Bottrop anaweza kufungua simu, kutafuta mtaa wake, na kuona nukta zenye rangi: zile zinazoshuka, zinazopanda na zinazotulia. Zamani habari hiyo ilikuwa ndani ya kabati za kampuni.

Lakini satelaiti haioni kila kitu. Majani na misitu vinaivuruga. Ardhi ikishuka haraka sana kati ya safari mbili, hesabu inapotea. Na lile pango linalopanda kimya kimya chini ya gereji, rada inaweza isilione mpaka siku linapofunguka. Ndiyo sababu misumari ya ukutani haikutupwa. Rada inaonyesha mahali pa kwenda kuangalia, na mtu mwenye nivo anakwenda kuthibitisha.

Mstari wa sentimita 10

Vipimo vyote hivi vingebaki kazi ya wataalamu kama sheria isingevipa nguvu. Tangu mwaka wa 1865, sheria ya madini ya Prussia ilisema mwenye mgodi analipa uharibifu wa juu ya ardhi hata kama hakufanya kosa lolote. Haikuwa lazima kumtafutia uzembe.

Lakini bado kulikuwa na ugumu. Mwenye nyumba alipaswa kuonyesha kwamba ufa wake umetoka mgodini. Yeye alikuwa na ukuta tu, na kampuni ilikuwa na ramani, vitabu vya vipimo na wahandisi. Sheria mpya ya madini ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka wa 1982, iligeuza jambo hilo. Kama nyumba iko ndani ya eneo linaloguswa na mgodi wa chini ya ardhi, na ufa unafanana na ule ambao mgodi unaweza kuleta, sheria inachukulia kwamba umeletwa na mgodi. Kampuni ikikataa, ni yenyewe inayoleta ushahidi: kwamba msingi ulijengwa vibaya, kwamba ni udongo wenyewe, ao sababu nyingine.

Na eneo linaloguswa linajulikana namna gani? Kwa kupima. Mpaka wake unapita pale ambapo kushuka kunafikia sentimita 10. Aliye ndani ya mstari huo analindwa na sheria. Aliye nje, hata kwa hatua chache, anarudi kwenye hali ya zamani: atafute ushahidi mwenyewe. Kwa hiyo mstari wenyewe umekuwa jambo la mabishano. Wenye nyumba wa Ruhr hawakusubiri kampuni iuchore peke yake. Waliunda chama chao, chenye wataalamu wake, ili mtu mmoja asiende peke yake mbele ya kampuni akiwa na picha mbili za ukuta.

Mgodi unafungwa, ardhi haitulii

Mashini zikizimwa, sehemu kubwa ya kushuka inaisha ndani ya mwaka mmoja ao miwili. Lakini maji yanaanza kazi yake. Wakati wa uchimbaji, pampu zinatoa maji ili watu wasizame. Zikisimama, maji yanapanda ndani ya mashimo, yanajaza miamba iliyovunjika na kuisukuma juu. Ardhi iliyoshuka kwa mita inapanda kwa sentimita. Ni kidogo, lakini mahali ambapo mwamba una mkato wa asili, upande mmoja unapanda na mwingine unabaki, na ukuta unapasuka mara ya pili. Jambo hilo lilionekana huko Wassenberg, karibu na mpaka wa Uholanzi, miaka baada ya mgodi wa jirani kufungwa mwaka wa 1997.

Huko Ruhr tatizo ni kubwa zaidi. Miji imeshuka, lakini mito haikushuka nayo. Karibu sehemu moja ya tano ya bonde hilo ingefunikwa na maji kama pampu zingesimama. Basi pampu haziwezi kusimama, si mwaka huu wala baada ya miaka mia. Wajerumani wanaita deni hilo mzigo wa milele. Mwaka wa 2007 uliundwa mfuko maalumu wa kulibeba, RAG-Stiftung, na wakati wa kufunga migodi hesabu ilikuwa karibu yuro milioni 220 kila mwaka. Pesa hizo zilitafutwa kabla ya mgodi wa mwisho kufungwa, wakati kampuni ilikuwa bado ipo na ina mali.

Na sisi?

Congo nayo ina makaa ya mawe. Yalichimbwa wakati wa ukoloni katika bonde la Lukuga, karibu na Kalemie, na huko Luena, katika Haut-Lomami. Lakini mahali ambapo swali la ufa ni kali leo ni pengine.

Goma inakumbuka mwezi wa tano mwaka wa 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, kisha matetemeko yakafuatana siku nyingi, na nyufa zikafunguka kwenye barabara na ndani ya nyumba. Tarehe 27, viongozi waliagiza wakaaji wa sehemu kubwa ya mji wahame. Kati ya vipimo vilivyosaidia kuelewa kwamba moto wa chini umesogea kuelekea mji na ziwa, vilikuwemo vya rada ya satelaiti, ileile Sentinel-1. Huko Bukavu, mteremko wa Funu, ambao unasogea polepole pamoja na nyumba zilizo juu yake, umepimwa na watafiti kwa rada ya satelaiti na kwa GPS. Kwa hiyo satelaiti inayoangalia Bottrop inatupita sisi pia, na picha zake ni bure kwa Congo kama kwa Ujerumani.

Kolwezi ni hadithi nyingine. Mwaka wa 2014, kobalti ilionekana chini ya nyumba za Kasulo. Wakaaji wakachimba ndani ya parsele zao, wengine ndani ya chumba, mashimo ya mita nyingi kwenda chini, kisha njia za pembeni zinazopita chini ya jirani. Yale ni mashimo ya karibu na uso wa ardhi, yasiyo na ramani, katika udongo mwepesi. Ni hatari ileile ya Wattenscheid, isipokuwa hapa watu wako ndani ya shimo na juu yake kwa wakati mmoja.

Sheria yetu inasema nini? Wengi hawajui kwamba iko karibu sana na ile ya Wajerumani. Kodi ya madini ya Congo, ilivyogeuzwa kwa sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, ina kifungu cha 285 bis. Kinasema mwenye haki ya kuchimba madini analipa uharibifu ulioletwa na kazi yake kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe. Anaweza kuepuka tu akithibitisha kwamba uharibifu umetokana na sababu iliyo nje ya kazi yake ya uchimbaji.

Kifungu hicho ni kizuri. Lakini kinataka mambo mawili. La kwanza, kuwe na mwenye haki ya kuchimba anayejulikana. Pale ambapo mashimo yamechimbwa na watu mia moja wasio na karatasi, mwenye nyumba hana wa kumshitaki. Jirani yake ndiye mchimbaji, na pengine yeye mwenyewe. La pili, kuwe na vipimo. Mtu akifika mbele ya tribinali akisema "nyumba yangu ilikuwa nzima kabla ya kampuni kufika", ataulizwa: unaonyesha nini? Bila kitabu cha kabla, kampuni itajibu kwamba nyumba ilijengwa vibaya, na katika mitaa yetu mara nyingi jibu hilo linaaminika kirahisi, kwa kuwa nyumba nyingi kweli zilijengwa bila muhandisi.

Mambo ambayo mwenye nyumba anaweza kuanza leo

Misumari ya wapimaji na hesabu za rada ni kazi ya serikali, ya makampuni na ya vyuo vikuu. Mashirika ya kiraia yanaweza kuzidai, hasa katika mikutano ya kuzungumza na wakaaji kabla ya mradi kuanza: kampuni ipime kimo cha ardhi na ipige picha za kila nyumba kabla ya kuchimba, na nakala ibaki mikononi mwa wakaaji. Lakini mambo mengine hayahitaji kusubiri mtu.

Piga picha za kuta zote za nyumba yako sasa, ndani na nje, hata zile zisizo na ufa. Ukuta mzima ndio ushahidi wa kwanza. Weka rula ao kalamu karibu na ufa ili ukubwa uonekane, na uhifadhi picha mahali pawili, si kwenye simu moja ambayo kesho inaweza kuibiwa.

Paka jasi ndogo juu ya ufa na uandike tarehe. Kama hakuna jasi, piga mistari miwili ya kalamu, mmoja kila upande, pima umbali kati yao na uandike katika daftari. Rudia kila mwezi, tarehe ileile.

Angalia milango na madirisha. Mlango uliokuwa unafunga vizuri na sasa unakwaruza sakafu unaonyesha kwamba nyumba imepinda, pengine kabla ufa haujaonekana.

Msiandike kila mmoja kivyake. Ufa wa nyumba moja unaweza kuwa wa fundi. Lakini kama nyumba kumi za avenue moja zimepasuka mwaka mmoja, na nyufa zao ukizichora kwenye karatasi zinafuatana kwa mstari unaopita hata barabarani, hapo ni vigumu kumlaumu fundi. Pelekeni nakala kwa shefu wa kata, atie tarehe na mhuri.

Na kuna dalili ambazo hazihitaji daftari. Ufa unaopanuka kati ya asubuhi na jioni, sakafu inayotoa sauti ya utupu, udongo unaozama duara kwenye uwanja, maji ya mvua yanayopotea ghafla ndani ya ardhi, moshi ao joto linalotoka kwenye ufa: hapo toa watoto kwanza, kisha waite majirani. Usiingie kuangalia shimo lina kina gani.

Huko Ruhr, wakati mwingine kipimo kilichosaidia kesi kilikuwa cha miaka mingi kabla. Sisi tunaweza kuanza na simu, kalamu na jasi ya dola chache. Kinachotakiwa ni kuanza wakati ukuta bado ni mzima.